Namna ya Kuogopa Rola Kosta kwa Heshima

Kuogopa rola kosta si aibu. Aibu ni kuogopa ovyo: kung'ang'ania chuma cha foleni huku watoto wa shule ya msingi wakikupita, au kushuka magoti yakigongana kisha kutangaza kwamba hukuhisi kitu. Mimi nazipenda mashine hizi kwa moyo wangu wote, na huniuma kuona mtu mzima, mwenye cheo na kitambi chake, akivunjiwa heshima mbele ya shemeji zake kwa kukosa maarifa madogo ambayo yangemwokoa.

Basi sogea karibu nikunong'oneze. Mwongozo huu ni wako wewe wa Ndanai, wa Sotik, wa Kaplong, wa Litein. Siku moja kazi itakupeleka Ghuba, au masomo yatakupeleka Marekani, au harusi ya binamu itakupeleka Johannesburg, na mwenyeji wako atakugongea mlango asubuhi akisema, "Leo tunaenda kupanda." Kukataa hutaweza. Utakachoweza ni kujipanga mapema.

1. Pata maoni kabla ya kupata tiketi

Mwanadamu humheshimu anayejua kabla hajamheshimu aliyefanya. Tumia nafasi hiyo. Rola kosta nzito ziko mbali nasi: kusini kuna Gold Reef City ya Johannesburg, bustani ya burudani iliyojengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, ng'ambo ya bahari kuna za Dubai na Abu Dhabi. Hapa nyumbani tunazo bembea, magurudumu na vitreni vya watoto. Kwa hiyo kwenye kibanda chochote cha chai kati ya Ndanai na Gorgor, mwenye kujua mambo matatu ya kweli ndiye profesa. Chukua matatu hayo.

La kwanza: treni ya rola kosta ya kawaida haina injini. Mnyororo huivuta hadi kileleni, ukaiachia, na kuanzia hapo inakwenda kwa uzito wake wenyewe. Ndiyo maana kilele cha kwanza huwa ndicho kirefu kuliko vyote. Msuguano na upepo hula nguvu njia nzima, na kilima cha tatu kikiwa kirefu kama cha kwanza treni haitakivuka.

La pili: magurudumu yake ni ya aina tatu. Kuna yanayokaa juu ya reli, kuna yanayoibana ubavuni, na kuna yanayoishika kutoka chini. Haya ya chini ndiyo yanayofanya treni isiweze kung'oka hata ikitaka. Mmarekani John Miller aliyasajili kwa hataza mwaka 1919, na tangu hapo wajenzi wakapata ujasiri wa kuinua vilima na kukaza kona.

La tatu ndilo litakalokusaidia zaidi siku yenyewe. Ule mlio wa ta-ta-ta-ta unaousikia mkipanda mlima wa kwanza ni ulimi wa chuma unaoangukia jino baada ya jino kwenye reli. Mnyororo ukikatika, ulimi ule utaidaka treni isirudi nyuma. Asiyejua husikia mlio huo akadhani kitu kimelegea. Wewe utamgeukia jirani yako mnayepanda naye na kumweleza taratibu. Atatulia, na moyo wako nao utatulia, kwa sababu huwezi kueleza mtambo na kuomboleza kwa wakati mmoja.

Lakini usikariri rekodi. Rekodi hazina shukrani. Kingda Ka ya New Jersey ilifunguliwa mwaka 2005, ikapanda mita 139, wakati jumba letu la KICC Nairobi lina mita 105 tu, na ikakimbia kilomita 206 kwa saa. Waliokariri hayo walitamba kwa miaka mingi. Februari 2025 ikaangushwa kwa baruti. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, imekuwa ikirusha watu hadi kilomita 240 kwa saa tangu 2010, ndani ya sekunde zisizofika tano, na abiria huvaa miwani ya kukinga macho dhidi ya mchanga na wadudu. Sasa Saudi Arabia nako imejengwa Falcon's Flight, iliyosanifiwa kufikia 250. Ukisimama sokoni na rekodi ya mwaka juzi, kijana mwenye simu atakuaibisha kabla hujamaliza sentensi. Ukisimama na magurudumu ya John Miller, hakuna atakayekugusa.

2. Penda za kale

Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na haina hila ndani yake. Wapenzi wakubwa wa rola kosta, wale walioanzisha chama chao Marekani mwaka 1978 na ambao husafiri nchi hadi nchi kwa ajili ya reli tu, huziheshimu sana zile kongwe za mbao. Na zile kongwe ni za upole.

Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alipofungua reli yake Coney Island, New York, kwa senti tano kwa kila abiria, ilikwenda takriban kilomita 10 kwa saa, kasi ambayo mkimbiaji yeyote wa Bomet huipita akiwa bado anapasha misuli. Leap-The-Dips ya Altoona, Pennsylvania, iliyojengwa 1902, ndiyo inayotambuliwa kuwa kongwe kuliko zote zilizobaki zimesimama, na miteremko yake ni ya mita tatu hivi. Luna Park ya Melbourne, Australia, ina reli ya mwaka 1912 ambayo hadi leo mtu wa breki husimama katikati ya treni akiipunguza mwendo kwa mkono.

Umeona mlango huo? Wenzako wakikimbilia lile jitu la chuma, wewe sema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi naanza na ya mbao." Panda. Sikiliza mbao zinavyolia, nusa grisi, tazama jinsi mihimili inavyoyumba kidogo treni ikipita, kwani imesanifiwa iyumbe. Utashuka ukiwa umefurahi kweli, na wanaojua watakupa mkono. Wasiojua hawana ubavu wa kukucheka.

3. Jizoeze karibu na nyumbani

Usingoje Abu Dhabi. Tumbo hufundishwa mapema.

Anza na shoo. Chama cha Kilimo cha Kenya, kilichoanzishwa 1901, kinaandaa maonyesho Nakuru, Kisumu, Eldoret na kwingineko, na yale makubwa ya Jamhuri Park, Nairobi, huangukia mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Watu huenda kuona ng'ombe wa maziwa na mbegu za mahindi. Watoto huenda kwa ajili ya gurudumu na merigoraundi, nao ndio wenye haki. Wakazi wa Nairobi walikuwa na Luna Park yao ndani ya Uhuru Park, kabla bustani ile haijafungwa kwa ukarabati mwaka 2021, na kizazi kizima kilijifunza pale kwamba kilele kinatisha ukiwa chini ukikitazama, si ukiwa juu yake. Siku hizi gurudumu kubwa liko Two Rivers, barabara ya Limuru. Ukiwa juu usitazame miguu yako. Tazama upeo wa mbali, uutafute Mlima Kenya kama anga ni safi, na hofu itakosa pa kukaa.

Kama unashuka pwani, nenda Wild Waters ya Nyali, Mombasa. Kama uko Dar es Salaam, nenda Wet 'n' Wild ya Kunduchi. Mteremko wa maji hukufundisha jambo moja ambalo hakuna mwalimu mwingine anayelifundisha kwa bei hiyo: kuuachia mwili. Kunja mikono kifuani, pishanisha vifundo vya miguu, lala chali. Anayejikaza na kujaribu kukamata kuta ndiye anayechubuka viwiko.

Sasa niache mzaha wote, kwa sababu hapa kuna watoto. Mashine zinazohamahama, zile zinazofika mjini kwenye lori wakati wa Krismasi na kufungwa kwa siku moja, zikague kwa macho yako kabla hujalipa. Tazama vipini vinavyounganisha vyuma: kila kimoja kiwe na kibanio chake, wala pasiwe na waya wa kufungia ua au msumari uliopindwa. Tazama chini: miguu ya mashine ikae juu ya mbao pana, isiwe imezama kwenye tope la mvua ya jana. Tazama mlango wa kila kiti unavyofungwa. Halafu mtazame mwendeshaji kwa mzunguko mmoja mzima. Akiwa anaongea na simu huku mashine ikienda, mshike mtoto mkono uondoke, na ukiulizwa sema hivyo hivyo, kwa sauti, ili wazazi wengine wasikie. Huku si kuogopa.

4. Tumbo

Usipande ukiwa umeshiba, wala usipande na njaa. Kichefuchefu huja kwa sababu maji yaliyomo ndani ya sikio yanaueleza ubongo jambo moja na macho yanaueleza lingine, na tumbo tupu huuchukia ugomvi huo sawa na tumbo lililojaa. Kula mkate mkavu au kiazi saa moja kabla. Kunywa chai ya tangawizi isiyo na maziwa mengi. Tangawizi hutuliza, na chai yetu haihitaji kusifiwa na mimi. Mursik, maziwa yetu ya kugandisha, iache kwenye sotet, kibuyu chake. Hiyo ni ya kukupokea ukirudi, kama wanavyopokelewa wanariadha wetu pale uwanja wa ndege.

5. Foleni, na mlango ambao hawakuonyeshi

Milango ya bustani ikifunguliwa, umati wote hukimbilia mashine ya kwanza inayoonekana. Wewe tembea moja kwa moja hadi mwisho wa bustani uanzie huko. Kwa saa ya kwanza utapanda bila kusubiri, na wenzako watadhani umekuwa ukija hapa tangu utotoni. Nenda siku ya kazi, si Jumamosi. Kama kuna foleni ya watu wanaopanda peke yao, ingia hiyo, kwani husogea haraka. Tena ina faida ya pili ambayo waoga wenzangu wataielewa: hakuna anayekujua katika safu uliyoketi.

Sasa siri. Kwenye kituo cha kupandia, ng'ambo ya treni kuna upande wa kushukia. Ukifika pale na moyo ukakataa kabisa, mwambie mhudumu, "Napita tu." Atakuelekeza uvuke hadi upande wa kutokea, hatakuuliza lolote, kwa sababu huona watu kama wewe siku nzima. Vuka kama mtu aliyesahau jambo muhimu. Usitazame nyuma. Usieleze.

Njia ya heshima zaidi ni kuwahi kazi ya kushika mikoba. Kundi lolote linahitaji mtu wa kubaki chini na simu, kofia, miwani na mtoto mchanga wa mtu. Jitolee mapema, kabla ya wengine, ukiwa na tabasamu. Atakayejitolea wa pili ataonekana mwoga. Wa kwanza huonekana mkarimu. Shemeji zako watakununulia chakula cha mchana.

Na kama una tatizo la moyo, la mgongo au la shingo, au wewe ni mama mjamzito, huhitaji mbinu yoyote. Ubao wa masharti mlangoni unakukataza, nawe utii.

6. Kiti ndicho kila kitu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi huharibu siku yao kwa kukimbilia popote palipo wazi.

Treni moja ina safari tatu ndani yake. Anayeketi mbele huona kila kitu, na upepo wote ni wake, lakini kwenye mteremko wa kwanza huning'inia kileleni akingoja mabehewa ya nyuma yavuke. Hofu yake ni ya macho. Anayeketi nyuma haoni chochote isipokuwa visogo, na ghafla hunyakuliwa, kwa sababu treni nzima imeshaanza kuporomoka kabla yeye hajafika kilele. Hofu yake ni ya tumbo. Anayeketi katikati hupata kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Hivyo kama unataka kupanda na kumaliza salama, omba katikati, tena kiti kisichokaa moja kwa moja juu ya magurudumu, maana hapo ndipo mtikisiko hupungua. Omba kwa maneno haya: "Nataka nisikilize mwendo wake kwanza." Ni maneno ya kweli, na ni ya mtu anayejua.

Lakini niseme ninachokiamini. Kiti cha nyuma ndicho bora. Pale kileleni mwili huinuka kitini na kwa nusu sekunde huna uzito. Tumbo hupanda kifuani kama unavyohisi Probox ikiruka tuta la barabarani. Wapenzi wa rola kosta husafiri maelfu ya kilomita kutafuta nusu sekunde hizo. Na ukitaja Probox, jiulize kwa haki: wewe uliyepakiwa na watu tisa kutoka Sotik bila mkanda, dereva akipokea simu, ukashuka ukilalamikia nauli tu, kwa nini ukiogope kiti chenye kizuizi cha chuma kifuani, juu ya reli inayokaguliwa kila asubuhi kabla ya wageni kuingia? Hofu yako imekosea anwani. Ihamishie barabarani, ambako inahitajika, halafu uje ukae nyuma.

Wazee wetu wenye mawe ya figo nao wana la kusikia kuhusu kiti hicho. David Wartinger wa Michigan State University alichapisha mwaka 2016 utafiti uliotokana na wagonjwa waliosema mawe yao yalitoka baada ya kupanda Big Thunder Mountain kule Disney, Florida. Akatengeneza mfano wa figo, akaujaza mkojo na mawe halisi, akaubeba ndani ya begi na kupanda nao mara nyingi. Viti vya nyuma vilitoa mawe kwa takriban asilimia 64. Vya mbele kwa takriban 17. Mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Daktari wako atabaki kuwa daktari wako, lakini mjomba akikuuliza ulikwenda kufanya nini kwenye michezo ya watoto, jibu unalo.

7. Ukiwa ndani

Kichwa kigandamize nyuma kwenye mto wa kiti. Macho yaelekeze kule reli inakoelekea. Sikio na jicho vikikubaliana, kichefuchefu hukosa nafasi. Kwenye mteremko toa pumzi kwa sauti. Kelele ni pumzi, nayo hulegeza kifua. Kwenye bonde, pale unapohisi unakandamizwa, kaza mapaja na tumbo ili damu isikimbilie miguuni na macho yasiingie giza.

Treni ikisimama mahali pasipo kituo, usipige mayowe. Reli imegawanywa vipande, na mtambo hauruhusu treni mbili kuwa kwenye kipande kimoja. Ya mbele ikichelewa, ya nyuma husimamishwa. Kusimama ni usalama ukifanya kazi yake. Juni 2015, kule Alton Towers, Uingereza, mtambo wa rola kosta iitwayo Smiler ulisimamisha treni kwa sababu hiyo hiyo, watu wakaamua kupita amri yake na kuiachia iende, ikagonga treni tupu iliyokuwa mbele. Abiria wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja. Kwa hiyo ukiambiwa subiri juu ya kilima, subiri, na ushukuru.

Sasa picha. Najua unaiwaza, na hakuna ubaya. Bustani kubwa huficha kamera mahali, mara nyingi kwenye mteremko mkali au karibu na mwisho, kisha hukuuzia uso wako pale unaposhukia. Kabla ya kupanda, simama chini utazame treni mbili zikipita na uitafute kamera hiyo. Ukipanda, shikilia chuma safari yote ukipenda, funga macho ukipenda, mwite kogo, yaani nyanya yako, ukipenda. Ukikaribia kamera, inua mikono, fungua macho, cheka. Picha itakayoning'inia sebuleni Ndanai ni ya sekunde moja, na sekunde moja kila mtu anaiweza.

8. Maoni ya kutoka nayo

Watakuuliza, "Ilikuwaje?" Usiseme "Ilikuwa kali." Kila mtu husema hivyo. Beba maoni yenye kichwa na miguu; haya ni yangu, na nakupa bure.

Kwanza, kupinduliwa kichwa chini mara nyingi si ubora. Mwaka 1895 Coney Island waliweka Flip Flap, reli yenye duara kamili, na duara lile lilipiga shingo za watu vibaya, kwa sababu ukiingia duara kamili kwa kasi unakandamizwa ghafla. Ilichukua hadi 1976 kwa mhandisi Mjerumani, Werner Stengel, kufanikisha mzunguko wa kisasa kwa ajili ya Revolution ya California, akiupa umbo la tone la maji: mkunjo mpana chini, mkali juu, mwili ukiingia taratibu. Hayo ndiyo ya kusifu. Ukiona mashine inayojivunia idadi ya mizunguko, uliza inakuachaje shingo.

Pili, kasi peke yake huchosha. Ukisharushwa kilomita 240 kwa saa, mbele kunabaki nini? Reli ndefu na upepo usoni. Mimi nitaichagua ya mbao yenye vilima vidogo kumi mfululizo, kila kimoja kikikuinua kitini, kuliko mshale mmoja wa chuma. Tatu, mahali ni nusu ya safari. Pale Gold Reef City kuna gari linaloporomoka hadi ndani ya shimo la mgodi, na unaposhuka gizani unajua wanaume walishuka humo kwa ajili ya mshahara. Hakuna rangi wala muziki wa bustani unaoweza kuleta uzito huo.

Utabishiwa. Vizuri. Mwenye maoni hubishiwa. Mwenye "ilikuwa kali" husahaulika.

9. Ukirudi Ndanai

Usitie chumvi. Sema kweli hata kwa yale ambayo hukupanda. Toa picha moja, eleza ulimi wa chuma na mlio wake, taja kiti ulichokalia, nyamaza. Mwache anayetaka zaidi aulize. Vijana watauliza, na hapo uketi nao, kwa sababu hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka uondoke nalo.

Watoto wa huku wana mizani nzuri ya mwili na moyo usioogopa kilima, lakini wengi wao hawajawahi kuinuliwa na mashine iliyojengwa kwa ajili ya furaha tu. Zanzibar, siku za Idd, watoto hujaa bembea za uwanja wa Kariakoo wakiwa na nguo mpya. Nairobi wana magurudumu yao. Ndanai, sikukuu huja na kupita, na mtoto hurudi nyumbani na soda. Hatudai Formula Rossa. Kaunti ya Bomet na ya Kericho zitenge kipande cha ardhi karibu na kila soko kubwa, ziweke bembea za chuma zenye minyororo mizima, mteremko wa kuteleza, merigoraundi inayosukumwa kwa mkono, na fundi mwenye jukumu la kuvikagua kila wiki. Mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, mwulize swali hilo kwanza, kabla hajaanza kueleza ya barabara na maji. Na bembea zikija, wazazi, zipandeni nanyi. Kiti cha nyuma.